Kuotesha dughulushi kwa mbegu, hatua kwa hatua

“Nimesia mwezi mzima uliopita, mbona sioni kitu?” “Miche ilitoka vizuri, nimeamka asubuhi imelala yote, huu ni ugonjwa gani?” “Mbegu nizifukie kina gani?” Maswali haya matatu nimeyajibu mara nyingi mno, kwa watu wa Lushoto, Tanga, Dar, na hata Mombasa. Tatizo ni kwamba majibu yake yanategemeana. Ukimjibu mtu moja bila mengine, anaharibikiwa mbele ya safari. Ndiyo maana nimeyapanga yote hapa, toka mbegu hadi ua.

Ua lenyewe ni dughulushi, lile lenye majani ya mviringo yenye manyoya na maua ya zambarau yenye vifuko viwili vya njano katikati. Madukani huuzwa kwa jina la vaileti ya Afrika, tena likiwa kwenye vijichungu vyenye lebo za kigeni, na wengi hudhani limetoka Ulaya. Limetoka kwetu. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, alilikuta huku na kumpelekea baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaliandika rasmi kwa jina la Saintpaulia ionantha. Siku hizi wataalamu wameliingiza kwenye jenasi ya Streptocarpus, lakini kwenye pakiti za mbegu bado utakuta jina la zamani. Kwao ni Usambara, Nguru, Uluguru, milima ya Taita upande wa Kenya, na miamba michache ya chini karibu na pwani. Ni ua la kudumu. Mmea mmoja ukipata matunzo unakaa nawe miaka mingi.

Kabla ya yote, jua linavyoishi porini, kwa sababu hatua zote zilizo hapa chini zinatoka hapo. Nenda kwenye kijito cha msitu wa Usambara, utafute mwamba uliosimama wima, wenye kivuli, uliofunikwa na lile zulia laini la kijani. Dughulushi imejibana kwenye ufa. Mizizi yake ni myembamba kama nyuzi na imeshika udongo usiozidi unene wa kidole. Maji yanachuruzika mwambani yakipita, hayasimami. Jua halilipigi moja kwa moja, lakini mwanga upo mchana kutwa kupitia majani ya miti. Hewa ina unyevu. Hakuna baridi kali, hakuna joto kali. Mtu akikuambia lipande kwenye udongo mzito wa bustani na umwagilie kila siku, muulize ni mwamba gani huo wenye udongo mzito.

Kuhusu kuchimba mimea msituni: usifanye. Misitu mingi linakoota ni hifadhi, kama Amani, iliyotangazwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997, na kuchukua mimea humo bila kibali ni kosa. Aina nyingine zinaishi kwenye kilima kimoja au viwili tu duniani. Ile ya Taita, Saintpaulia teitensis, haipatikani porini popote pengine. Ukikata miti inayolifunika, ua hukauka mwambani. Ukiling'oa, umemaliza kazi ile ile kwa mkono. Mbegu au mmea mama vichukue kwa mtu aliyeotesha mwenyewe nyumbani.

Na kwa nini mbegu, wakati jani moja likichomekwa kwenye udongo linatoa mmea? Jani linakupa nakala ya mama yake, basi. Mbegu inakupa watoto wenye tofauti kati yao: huyu anastahimili joto zaidi, yule ana ua jeusi zaidi, mwingine anachanua mapema. Kwa ua ambalo porini linapungua, tofauti hizo ndizo mali.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujafungua mbegu

Tayarisha kila kitu kwanza. Mbegu za dughulushi ni ndogo kuliko unavyofikiri. Rangi yake ni ya kahawia na unaweza kuzichanganya na vumbi la kahawa iliyosagwa laini. Ukizifungua halafu ukaanza kutafuta chombo, pumzi yako tu inazitawanya.

Unahitaji chombo cha plastiki chenye mfuniko unaopitisha mwanga, kina cha sentimita 6 hadi 8. Vile vya kuuzia keki au matunda vinafaa sana. Toboa matundu chini kwa msumari uliochomwa moto.

Unahitaji kokopiti, yaani vumbi la makumbi ya nazi. Hapa watu wa pwani nisikilizeni. Makumbi yaliyofukiwa ufukweni kwa ajili ya kutoa usumba wa kusokotea kamba yamejaa chumvi ya bahari, na chumvi inaua mche huu haraka. Hata kokopiti ya dukani isuuze kwa maji baridi mara tatu au nne mpaka maji yatoke meupe.

Mchanga wa mtoni wenye chembe kubwa, uliooshwa. Ukipata yale mawe mepesi ya volkano yaliyosagwa, ni bora zaidi, maana yanashika hewa. Mkaa uliotwangwa vipande vya ukubwa wa punje ya mchele nao unasaidia.

Mboji ya majani iliyooza vizuri na kuchekechwa, kwa ajili ya baadaye. Si kwa kusia.

Chupa ya kupulizia inayotoa ukungu, si matone. Karatasi nyeupe ngumu iliyokunjwa katikati. Vijiti vya meno. Kalamu isiyofutika na vipande vya plastiki vya kuandikia tarehe. Sinia au beseni la kina kifupi.

Maji: ya mvua ndiyo bora. Ya bomba yaache wazi usiku kucha kwenye ndoo. Ya kisima chenye chumvi usitumie kabisa. Dada yangu anaishi Tanga mjini, alipoteza miche yote ya mwaka kwa maji ya kisima ambayo yeye huoshea vyombo bila shida yoyote. Ukionja ukahisi chumvi, hata kidogo, mche umeshaihisi kabla yako.

Majira ya kusia

Mbegu zinataka nyuzi joto kati ya 20 na 25. Kwa Lushoto, Njombe au Nairobi usisie Juni hadi Agosti, usiku una baridi na mbegu zinaoza kabla hazijaamka. Anza Septemba na kuendelea. Kwa Dar, Tanga na Mombasa geuza: Juni hadi Agosti ndipo hali ya hewa inapokuwa rafiki, na miche inakuwa imepata nguvu joto la Januari na Februari likifika. Mbegu hizi hazihitaji kuwekwa kwenye baridi kwanza wala kulowekwa. Aliyekuambia uziweke friji wiki sita ili ziote alikuwa anazungumzia maua ya milima ya nchi zenye theluji.

Kazi yenyewe

1. Ua vijidudu vya udongo. Changanya kokopiti sehemu mbili na mchanga sehemu moja, uchekeche, kisha uweke kwenye sufuria ya zamani na umimine maji yanayochemka mpaka yafunike. Funika saa moja. Chuja kwenye kitambaa na uache upoe kabisa. Hatua hii watu wanairuka kwa sababu kokopiti inaonekana safi. Mche wa dughulushi unapotoka ni mdogo kuliko kichwa cha pini, na kwa wiki kadhaa hauwezi kushindana na kuvu yoyote. Chombo nacho kioshe kwa maji ya moto na sabuni.

2. Jaza chombo. Weka tabaka dogo la vipande vya mkaa chini, halafu udongo wako unene wa sentimita 3 hadi 4. Sawazisha kwa kitu bapa, ukigandamiza kidogo sana. Uso uwe tambarare, bila mashimo, maana mbegu ikiangukia shimoni imezikwa.

3. Lowesha kabla ya kusia, siyo baada. Weka chombo ndani ya sinia lenye maji yanayofika nusu ya urefu wake, subiri mpaka juu pabadilike rangi, kisha toa na uache maji yachuruzike kwa nusu saa. Ukichukua kidogo ukakamua mkononi, litoke tone moja au mawili tu. Yakitoka mengi, subiri.

4. Sia juu. Funga madirisha, zima feni. Mimina mbegu kwenye mkunjo wa ile karatasi nyeupe, ishike sentimita 10 juu ya udongo, na uigonge taratibu kwa kidole huku ukiisogeza. Utaziona zikianguka kama vumbi. Ukiona zinarundikana sehemu moja, changanya zilizobaki na mchanga mkavu laini uliochekechwa, zitatawanyika vizuri zaidi.

Sasa lile swali la kina. Usizifukie. Si kidogo, si kwa “vumbi jembamba tu juu”. Mbegu hizi zinahitaji mwanga ili ziote, na hazina akiba ndani ya kusukuma udongo. Porini zinaangukia juu ya zulia la mwambani na kuotea hapo hapo. Mwaka wangu wa kwanza nilizifunika kwa udongo wa unene wa kucha, kama nilivyofundishwa kufanya kwa mchicha na nyanya, na kwa miezi mitatu nilikuwa nanyunyizia udongo mtupu. Nilidhani mbegu ni mbovu, nikaagiza nyingine, nikazizika nazo.

5. Pulizia mara moja kwa ukungu mwembamba, kutoka mbali, ili mbegu zishikamane na udongo. Kisha funika. Andika tarehe na jina la aina kwenye kipande cha plastiki. Andika leo, si kesho.

6. Weka penye mwanga bila jua. Dirisha la mashariki lenye pazia jembamba, au barazani chini ya paa, ndani kidogo. Chombo kilichofunikwa kikipigwa na jua la saa sita hata kwa dakika ishirini, ndani panakuwa jiko. Jaribu hivi: weka mkono wako katikati ya chombo na dirisha. Ukiona kivuli cheusi chenye kingo kali, jua ni kali mno. Ukiona kivuli hafifu chenye kingo laini, hapo ndipo. Usipoona kivuli kabisa, ni giza mno.

7. Subiri. Nyingi hutoka kati ya wiki ya pili na ya nne, nyingine huchelewa hadi mwezi wa pili. Kwa hiyo yule aliyeuliza mbona mwezi umepita na haoni kitu, jibu langu la kwanza ni: angalia tena, kwa tochi, ukilaza mwanga upande. Mche mpya ni vidoti viwili vya kijani vilivyobandikwa juu ya udongo. Bila mwanga wa pembeni huwezi kuviona. Jibu la pili ni: usimwage udongo kabla siku 60 hazijaisha.

Katika muda huu kazi yako ni moja. Mfuniko uwe na ukungu mwepesi wa jasho ndani. Yakiwa matone makubwa yanayodondoka, funua dakika kumi. Ukikauka kabisa na udongo umepauka, rudisha chombo kwenye sinia la maji kama ulivyofanya hatua ya 3. Usimwage maji kutoka juu, hata kwa kikombe kidogo, maana yatasomba mbegu zote hadi kona moja.

8. Zoesha hewa. Miche mingi ikishatoka, anza kufungua mfuniko kidogo kidogo: siku ya kwanza weka kijiti kimoja cha meno pembeni kiuinue, siku ya nne viwili, wiki ijayo nusu wazi. Hapa ndipo miche mingi hufa, na hufa kwa haraka ya mwenye nayo. Jani lililokulia kwenye hewa nzito likitolewa ghafla barazani kwenye upepo linanyauka kwa saa mbili. Na likiachwa limefunikwa miezi mitatu bila hewa, linaliwa na kuvu. Safari kati ya hizo mbili ichukue wiki mbili hadi tatu.

9. Hamisha mara ya kwanza. Majani yakifikia ukubwa wa punje ya choroko, kwa kawaida miezi miwili hadi mitatu tangu kusia, tayarisha chombo kingine chenye mchanganyiko huu: kokopiti mbili, mboji ya majani moja, mchanga au mawe ya volkano moja. Mboji nayo ipitie maji ya moto. Lowesha ncha ya kijiti cha meno, penyeza chini ya mche, uuinue na udongo wake. Usiushike shina, ushike jani. Jani likiumia litatoka jingine, shina likibanwa mche umekwisha. Panda kwa nafasi ya sentimita 3, majani yakae juu ya udongo, na moyo wa mmea, yaani pale majani mapya yanapotokea katikati, usiguswe na udongo hata chembe. Funika tena kwa siku saba mpaka kumi, kisha uzoeshe hewa kama mwanzo.

Usiitupe midogo iliyobaki nyuma. Mara nyingi hiyo ndiyo yenye rangi za kushangaza. Iache kwenye chombo cha kwanza wiki tatu nyingine, itapata nafasi na itakimbia.

10. Lisha kidogo sana. Baada ya wiki mbili toka kuhamisha, tumia mbolea ya maji ya NPK kwa robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, mara moja kila wiki mbili, ukiitia kwenye maji ya sinia. Samadi mbichi inaunguza mizizi hii. Majivu usitie. Najua kwenye mboga tunatia majivu kufukuza wadudu, lakini dughulushi inapenda udongo wenye uchachu kidogo, na majivu yanaondoa uchachu huo.

11. Peleka kwenye kijichungu. Majani yakigusana na mapana yake yakikaribia sarafu ya shilingi 200, kila mche upate chungu chake. Chungu kiwe kidogo. Kipenyo cha sentimita 5 au 6 kinatosha kwa miezi kadhaa, na hata mmea mkubwa mara chache huhitaji zaidi ya sentimita 10. Vikombe vya mtindi vilivyotobolewa vinafaa. Ukiuweka mche mdogo kwenye chungu kikubwa “ili usihamishwe tena”, udongo usiofikiwa na mizizi unabaki na maji, unachacha, na kuoza kunaanzia hapo.

12. Mwagilia kwa kuangalia, si kwa ratiba. Gusa udongo juu. Ukiwa mkavu kwa ncha ya kidole, simamisha chungu kwenye sahani yenye maji kwa dakika 20 hadi 30, kisha mwaga yaliyobaki. Kuyaacha sahani imejaa ni kuliweka ua la mwambani kwenye kinamasi. Maji yawe na joto la chumba. Mara moja kwa mwezi mimina maji safi kutoka juu, pembeni mwa chungu bila kugusa majani, yatoke chini yakisafisha chumvi ya mbolea.

13. Subiri ua. Toka kusia hadi ua la kwanza hesabu miezi 8 hadi mwaka mmoja, na aina nyingine za porini huenda zaidi. Kila jani lipate mwanga: geuza chungu robo mzunguko kila wiki, la sivyo mmea unaegemea dirishani na kupinda.

Yanayokwenda kombo, na la kufanya

Miche imelala usiku mmoja, shina limekuwa jembamba kama uzi pale linapogusa udongo. Huo ni kinyausi. Chanzo ni kuvu, na kuvu imepewa nafasi na udongo usiochemshwa, maji mengi na hewa iliyosimama. Iliyoanguka haiponi. Itoe pamoja na udongo wake kwa kijiko, fungua mfuniko, usimwagilie mpaka juu pakauke, na iliyo mizima ihamishe siku hiyo hiyo kwenye udongo mpya uliochemshwa.

Uso wa udongo umekuwa wa kijani na unateleza. Ni ukoga. Unaziba hewa na kuizamisha miche midogo. Maana yake kuna maji ya ziada na mwanga mwingi kuliko miche inavyoweza kutumia. Fungua hewa, punguza maji, na ukikuta umetanda, hamisha miche mapema hata kama ni midogo kuliko choroko.

Majani yana madoa meupe au ya njano, mengine kama pete. Hayo si maradhi. Ni maji baridi yaliyogusa jani lenye joto. Seli za chini ya ngozi ya jani zinaumia na rangi ya kijani inapotea hapo. Doa halifutiki, ila majani mapya yatatoka safi ukianza kumwagilia kutoka chini kwa maji ya joto la chumba. Jani lenye vumbi lisafishe kwa brashi laini kavu, usilioshe kwa bomba.

Majani ya katikati yamedumaa, magumu, yamejikunja na yana manyoya kuliko kawaida. Huyo ni utitiri, mdogo hata macho hayamuoni. Tenga mmea huo mara moja. Kwa uzoefu wangu, mmea mmoja usio wa thamani ya pekee ni bora kuuchoma kuliko kuhangaika nao huku mingine ikiambukizwa. Nawa mikono kabla ya kugusa mwingine.

Vitu vyeupe kama pamba kwenye vikonyo vya majani ni vidung'ata. Waguse mmoja mmoja kwa pamba ya masikioni iliyochovywa kwenye spiriti, rudia kila siku tano mpaka waishe.

Vinzi vyeusi vidogo vinaruka ukisogeza chungu. Vinataga kwenye udongo uliolowa, na mabuu yake yanatafuna mizizi ya miche. Acha juu pakauke kati ya maji na maji, tandaza mchanga mkavu wa nusu sentimita kwenye vyungu vya mimea mikubwa, na weka karibu kipande cha plastiki cha njano kilichopakwa mafuta ya kupikia. Vinanasa.

Mmea umelegea, ukigusa udongo umelowa. Hapa wengi huongeza maji na kuumaliza. Mizizi imeoza, haivuti. Ng'oa, kata vyote vilivyooza mpaka ufikie nyama ngumu ya kijani, na kama hakuna kilichobaki, chukua majani mawili mazima, acha vikonyo vya sentimita 3, uvichomeke kwenye udongo wa hatua ya 1. Baada ya miezi miwili au mitatu utaona vichipukizi.

Vikonyo vimekuwa virefu, majani yamenyooka juu kama yanaomba. Mwanga hautoshi. Kinyume chake, majani yamepauka, yamebana chini yakikumbatia chungu: mwanga ni mkali.

Majani mengi mazuri, hakuna ua. Kwanza hesabu umri. Kama ni zaidi ya mwaka, sogeza penye mwanga zaidi, na angalia mbolea yako. Yenye naitrojeni nyingi, namba ya kwanza kati ya zile tatu za NPK kwenye pakiti ikiwa kubwa kuliko nyingine, inalisha majani. Chungu kikubwa nacho kinachelewesha.

Ukishapata ua, vuna mbegu zako

Mbegu utazipata nyumbani bila kununua tena. Porini nyuki ndio wanaotikisa chavua kwa mtetemo wa misuli ya kifua chao, na ndani ya nyumba hawaji, kwa hiyo kazi ni yako. Chagua ua lililofunguka siku tatu au nne. Vile vifuko viwili vya njano ndivyo vyenye chavua, na havijifungui vyenyewe. Kata kimoja kwa wembe, kipasue kwa pini juu ya karatasi nyeusi, utaona unga wa njano. Gusa unga huo kwa ncha ya ile sindano ndefu inayochomoza pembeni mwa ua la mmea mwingine wa aina hiyo hiyo, mpaka ncha ibadilike rangi.

Ua likidondoka na kitako chake kikaanza kuvimba baada ya wiki moja au mbili, umefaulu. Tunda linachukua miezi minne hadi sita kukomaa. Usilikate likiwa kijani kwa haraka. Acha lisinyae na kuwa kahawia, kisha likate, uliweke kwenye karatasi ndani ya sahani, mahali pakavu pasipo na upepo, kwa wiki nne. Ndipo ulipasue. Tunda moja linaweza kuwa na mamia ya mbegu.

Dughulushi za aina tofauti zinazaana kwa urahisi sana. Kama unazo aina mbili dirishani na hukuchavusha kwa mkono wako ukijua mama na baba, usimpe mtu mbegu hizo ukimwambia ni za Usambara halisi. Mpe, lakini mwambie ni mchanganyiko.

Weka mbegu kwenye bahasha ndogo ya karatasi, bahasha kwenye chupa kavu yenye mfuniko, chupa kwenye friji. Juu ya bahasha andika: jina la aina, mama, baba, tarehe ya kuchavusha, tarehe ya kuvuna, na mahali mmea mama ulipotoka.